Ala ya Ngozi Niliyojisifia Rubya

Mkiniona Rubya nimevuta kofia hadi kwenye nyusi, jamani, msiniite kwa sauti, nipungieni tu mkono nipite, maana kule nilijivunjia heshima mbele ya ukoo mzima wa watu, wazee wamevaa kanzu na makoti yao, na sina wa kumlaumu ila huu mdomo wangu.

Kazi yangu mnaijua. Hapa nyumbani Bilele, kwenye kibanda nyuma ya jiko, nafufua silaha za zamani za kuwindia, hasa yale mapanga mafupi yenye makali pande mbili ambayo babu zetu waliingia nayo porini (mke wangu anakiita kibanda hicho hospitali ya kutu, na hakosei). Basi siku hiyo akaja Ta Rwegasira, mzee wa Rubya, kabeba upanga kaufunga kwenye khanga. Ulikuwa wa marehemu kaka yake, na ukoo ulikuwa unajiandaa kumkalisha mtoto wa marehemu, Deusdedit, kwenye kiti cha baba yake awe msika, yaani mrithi, na kwao msika asipokabidhiwa huo upanga mbele ya watu hajakalishwa.

"Fundi, nitolee kutu," akasema. "Mpini umeoza na ala haipo, hayo utajua mwenyewe."

Hayo utajua mwenyewe! Hapo ndipo nilipoponzwa.

Nikaanza kusugua kwa majivu na mafuta, taratibu, na kutu ilipoachia, ndugu zangu, nikaona alama za nyundo ndogo ndogo zimepangana tangu kwenye mpini hadi nchani, na mshipa wa katikati umenyooka utadhani umepigwa rula, na yule mhesi, yaani mhunzi, wa zamani aliyeufua hakuwa na rula wala umeme, alikuwa na mkaa, mivukuto na macho yake. Nikamwita mke wangu aje auone kwenye mwanga wa dirisha. Niliona raha, na kwa kweli niliona na wivu, kwa sababu mimi na mashine zangu zote siwezi kufua chuma cha namna ile hata nikizaliwa upya.

Sasa upanga kama huo unauvalisha nini? Nilikuwa na ngozi laini ya kondoo niliyoipata Kanazi, nikailoweka kwenye maji ya maganda ya kahawa ikatoka nyeusi inang'aa, nikaizungushia kwenye mpini mpya wa mti na kuishonea ala, yote kwa gundi ambayo nilimwambia Ta Rwegasira kwamba itatuzika sisi sote. Mzee akafurahi hadi akanialika kwenye shughuli.

Siku yenyewe ua umejaa, nyasi zimetandikwa, lubisi, pombe yetu ya ndizi, ipo ya kutosha (nami nilikuwa nimeshapiga kibuyu changu). Deusdedit alikuwa amevuka ziwa asubuhi kutoka visiwani anakouza samaki, mnyamavu, koti limembana mabegani. Kila mtu alijua kwamba kibanja, shamba la baba yake, kilikuwa kinamsubiri yeye. Wadogo zake walishaanza kugombea mipaka ya migomba, na asingekalishwa siku hiyo ugomvi ungeendelea. Ta Rwegasira akauchomoa upanga, watu wakasema "Eeeeh!", ukapita mkono kwa mkono, ukafika kwa Ma Adventina, shangazi yake Deusdedit, naye akauweka shavuni, mpini na yote, akalia.

"Waitu, jamani, ndio wenyewe huu," akasema.

Hata mimi nililengwalengwa na machozi. Deusdedit akakabidhiwa, na kabla hajakaa kitini Ta Rwegasira akasema kwa adabu tu, "Fundi, simama ukoo ukuone."

Ningesimama nikainama nikakaa, leo tusingekuwa na habari. Lakini mimi nipewe uwanja ninyamaze? Nikawaeleza zile nyundo za mhesi, wakapiga makofi, makofi yakanipanda kichwani, nikasema, "Na hiyo ngozi mliyoishika, msiione hivyo, hiyo ni ngozi ya kondoo!"

Ma Adventina akamwita mama yake kwa Kihaya, "Mawe! Ya nini?"

Na mimi, mjinga wa kutupwa, nikadhani bibi wa watu hasikii vizuri, nikapaza sauti: "Kondoo, Ma! Kondoo dume!"

Upanga ukamponyoka Deusdedit ukaanguka kwenye nyasi. Kondoo ndiye muziro wao, mnyama ambaye ukoo wao haumli, haumgusi, hata kumfunga uani hawakubali. Na mimi ni Mhaya, nimelelewa kwamba humwekei mgeni sahani kabla hujamuuliza muziro wake! Wazee wakawa wanafuta viganja kwenye kanzu, Ma Adventina anajisugua shavu kwa kitenge, huku mtu anakimbilia maji na majivu.

"Asiuguse mtu," akasema Ta Rwegasira bila hata kunitazama. "Ameuvisha yeye, auvue yeye."

Nikapiga magoti katikati ya watu na kisu cha jikoni cha kuazima. Ala ilitoka, lakini ngozi ya mpini, kwa gundi ile, nilikwangua, nikachokonoa, jasho linanitiririka, nikakanyaga ubapa na kuvuta kwa nguvu zangu zote, ikaachia kwa mpigo, mti wa mpini na yote, nami nikaenda chali juu ya mikungu ya ndizi, miguu hewani. Watu wakacheka, ila Deusdedit hakucheka. Alikuwa anautazama upanga, mikono ameificha ndani ya koti, na pale ndipo nilipotamani ardhi inimeze.

Ma Adventina akainuka. Akauosha ule upanga uliobaki na mkia mtupu wa chuma unaoingia kwenye mpini, akachuna magamba makavu ya mgomba uliokuwa karibu, akayasokota na kuyazungusha kwenye ule mkia haraka haraka, huku anasema na marehemu kwa Kihaya kwamba kaka utusamehe, ni huyu wa Bilele. Kisha akampa Deusdedit. Kijana akaushika, akaketi kwenye kiti cha baba yake, vigelegele vikalia, na mimi pale chini nikaona kwamba sijawahi kutazama upanga uliopendeza namna ile, na mpini haukuwa kazi yangu.

Ma Adventina akanigeukia. "Na wewe fundi, kwenu muziro wenu ni kuuliza?"

Ukoo mzima ukaangua kicheko, Deusdedit naye kitini mabega yanamcheza, nikacheka nao, ningefanyaje. Siku hizi mtu akija kibandani na upanga wake, nauliza kwanza muziro wao, ndipo naruhusu afungue khanga.