Kigingi Juu ya Kichuguu cha Midia

Saa moja asubuhi, mvua ya Aprili imekatika sasa hivi, na Obeti Candia anapita katika majani marefu ya Midia, wilayani Koboko, akiwa na kadi ya kupimia ardhi ndani ya mfuko wa nailoni. Mbele yake wanawake wamechuchumaa, kila mmoja kwenye kichuguu chake, wakigonga vijiti ili kumbikumbi wadhani mvua imerudi, watoke.

"Mupimaji, zunguka! Hapo iko mulango!" anafoka Kaltumu, mjane wa miaka sitini.

Obeti anaruka kando, asikanyage tundu wanamotokea kumbikumbi. Wanawake wanaangua kicheko.

Obeti, mwenye umri wa miaka thelathini na minne, ni mpimaji msaidizi katika ofisi ya ardhi iliyoko Arua Hill, mjini Arua. Huzunguka vijijini, kilomita kumi na tano kwa siku, akiandika kila kipande cha ardhi kinawafaa nini watu, ili wapangaji waamue wapi papandwe nini na wapi paachwe. Viatu vyake havimalizi mwaka.

Safari hii anasahihisha kosa lake mwenyewe.

Alipofika hapa Januari, moto wa kiangazi ulikuwa umepita. Hapakuwa na mtu wala mbuzi. Aliandika neno moja, "haitumiki," kisha akapigilia kigingi cha mpaka mahali palipoinuka kuliko pengine pote: juu ya kichuguu cha Kaltumu. Kwa neno hilo, ekari mia mbili zikapangiwa tumbaku, na trekta likangojwa Aprili hii.

Kaltumu aliking'oa kigingi, akapanda lori hadi Arua, akakiweka juu ya meza ya ofisi.

"Nilimuuliza, mutoto yangu, wewe unaweza kupiga musumari katika sahani ya mutu?" anasimulia. "Hii kichuguu mama ya bwana yangu aliniachia."

Obeti, mzaliwa wa Dadamu, karibu na Arua, haoni haya kukiri. "Kwetu nina vichuguu viwili. Baba na kaka yake walinuniana miaka mitatu kwa sababu ya kimoja. Lakini kadi ilikuwa na nafasi ya neno moja tu, nami nikasahau nilikozaliwa."

Leo kadi imeandikwa hadi mgongoni. Kwa majani haya huezekwa nyumba za vijiji viwili. Mbuzi hulishwa hapa baada ya mavuno. Njia ya chemchemi inapita katikati, kando ya makaburi ambayo Januari aliyadhani mawe tu.

Mkuu wake amekubali kulizuia trekta, lakini hadi Ijumaa tu, siku atakayoisoma kadi mpya na kuamua.

"Sikatai tumbaku," anasema Obeti. "Familia tatu zimeiomba kando ya barabara. Trekta liende huko. Hili likikubaliwa, Juni naanza Dadamu, na kila shamba nitalipima mara mbili, kiangazi na masika."

Kaltumu anamjazia kikapu cha kumbikumbi. "Kaanga na chumvi kidogo. Usikule yote njiani, nakujua!"

"Hawa si wangu, Mama Kaltumu," anajibu Obeti akicheka. "Ijumaa nitaweka sahani mezani kabla ya kadi. Mkuu ni mtu wa Arua, atakula. Halafu atauliza wametoka wapi."