Farasi Anayetazama Kushoto

Mchora mabango alikuwa na mkono uliotulia kuliko wa mtu yeyote mtaani kwao. Kwa miaka kumi na minane aliandika majina ya maduka na zahanati kwa brashi, bila rula, mpaka mashine za kuchapa zikampokonya tonge mdomoni. Hapo mumewe, fundi wa maabara ya shule, akamwonyesha mchezo wa kompyuta aliokuwa akiuchorea kwa miaka minane: mchezo wa mikakati wa chanzo huria, wa kujenga miji na kupigana na jirani, unaotengenezwa na watu wa kujitolea na usio na mwenyewe.

Mke aliutazama kwa jicho la kazi. Vitufe vya kubofya, vyenye picha ndogo za askari na majengo, vilikuwa kila kimoja na baba yake. Hiki kina kivuli, kile hakina. Herufi hapa nene, pale nyembamba kama uzi. Akachora ukurasa wa majaribio, akautuma. Kiongozi wa mradi akamjibu kwamba sura yote ya mchezo ameachiwa yeye, na toleo jipya litatoka baada ya wiki tatu, Jumamosi saa kumi jioni.

Muda haukumtisha. Kilichomkosesha raha ni kwamba vitufe arobaini kati ya tisini vilikuwa vya mumewe.

Akavichapisha vyote, akavibandika ukutani sebuleni, akavikata kwa kalamu vile vya kuondoka. Mumewe aliporudi kutoka kazini alisimama mbele ya ukuta, mkoba ungali begani, akahesabu kimya kimya.

"Umekata vyangu thelathini na nane."

"Ndiyo."

"Na farasi?"

"Na farasi."

Farasi huyo, picha ya askari wapanda farasi, mume alimchora akiwa amelazwa hospitali, mguu kwenye plasta. Ndiye aliyekuwa wa kwanza.

"Anatazama kushoto, Baba Watoto. Askari wote wanatazama kulia. Na mstari wake ni mnene mara mbili."

"Watu wamemzoea."

"Wamezoea kumtafuta."

Siku nne nyumba ikawa baridi. Waliongea habari za gesi na funguo tu. Siku ya tano mke akamwomba acheze kidogo, kwa vitufe vile vile vya zamani. Adui alipofika langoni, mume akabofya haraka zizi ili kuwaita wapanda farasi. Iliyofunguka ni milango ya ghala. Ghala na zizi alivipaka kahawia moja, na mji ukaanguka akiutazama.

"Mimi ndiye niliyevichora," akasema polepole, kama anayetoa ushahidi.

Mke akaufunga mchezo.

"Haya, nipe vipimo vyako," mume akasema.

Akampa: mstari wa unene wa nukta tatu, rangi sita, mwanga kutoka juu. Mume akachora farasi upya na kumtuma kwa njia ile ile ya wajitoleaji wengine. Mke akamrudisha: kivuli hakifuati mwanga. Akatumwa tena, akarudishwa: mkia unagusa ukingo.

Mume akamfuata jikoni. "Ningekuwa mgeni ungenikubalia."

"Ungekuwa mgeni ningekukatalia kwa mstari mmoja, nikaendelea na kupika."

Jumamosi ikafika. Saa tisa na nusu farasi wa tatu hajaonekana. Mke alikuwa na picha ya akiba, tandiko la farasi tu, na kila alipolisogelea kwa kipanya aliondoa mkono. Kulitumia ni kumfungia mumewe mlango. Kuliacha ni kutoa mchezo wenye pengo na kuwaangusha watu wote. Akajiwekea mwisho: saa kumi kasoro robo.

Dakika tano kabla ya hapo, farasi akaingia.

Akamkuza, akamkagua kwato kwa kwato, akamweka katikati ya wenzake, kisha akarudi nyuma hatua mbili. Ilimbidi autafute mkono wa mumewe ulipo, na hakuuona. Akamkubali. Saa kumi toleo likatoka.

Kutoka chumba cha pili akasikia kiti kikisogezwa. Mumewe akasimama mlangoni.

"Amepita?"

"Amepita."

"Na mkia?"

"Mkia uko sawa."

Mume akaiangalia skrini. "Lile ghala bado linaniuma, nisikufiche."

Mke akamvutia kiti. "Kaa nikuonyeshe nilivyolitenganisha na zizi."