Profesa Ivonete na Siku ya Mgomo wa Tramu

Naandika huku akili ikikataa kabisa. Profesa Ivonete ametutoka jana asubuhi, hospitalini hapa Brussels, na mimi tangu jana nimeishika simu kana kwamba atapiga.

Kwa msiomjua: Mbrazili, mwanafizikia wa maabara, supervisor wangu wa PhD, na baadaye mwalimu wa sekondari huko Molenbeek, mtaa wa hapa hapa Brussels. Ndiye aliyenipokea nilipofika kutoka Tanga, miaka ya elfu mbili na kitu, na kakoti kangu kepesi ka kuchekesha.

Siku ya kwanza lab hakunionyesha mashine hata moja. Alinipa sindano na uzi, akasema tunga. Nikadhani anataka nimshonee kifungo! Kumbe kazi yetu nzima ilikuwa kuning'iniza kipande kidogo cha metali kwa waya mwembamba kuliko unywele, tukipima kama kinasogea, na hakutaka mtu mwenye mikono ya pupa.

Alikuwa mkali, jamani. Ukimpelekea data yenye "nadhani" ndani yake, anakurudisha kabla hujakaa. Nimewahi kulia chooni kwa ajili yake, mwanaume mzima.

Jumapili ananialika kwake Saint-Gilles, ghorofa ya juu kabisa, ngazi zinalia kila ukikanyaga. Anachuja kahawa kwa kitambaa kama mama yake, anasema mashine za huku zinaiosha kahawa tu. Hapo anakuwa mtu mwingine, ananitania kwamba Kifaransa changu kinamtia aibu mbele ya majirani.

Halafu ikaja ile signal.

Kipande chetu kilianza kutikisika, kidogo mno, mchana kikizidi na usiku kikitulia. Kila siku vivyo hivyo. Profesa akaamini tumegusa kitu ambacho hakijawahi kupimwa, kinachokwenda na mzunguko wa dunia.

Paper ikaandikwa, ikatumwa. Boss wa idara akaanza kutaja funding mpya, na nafasi ya kudumu kwa Profesa, ambaye miaka yote aliishi kwa contract fupifupi. Sijawahi kumwona na furaha ile. Alikuwa anaimba kwenye korido!

Kisha siku ya mgomo wa usafiri. Aliyekaa Brussels anajua: hakuna treni, hakuna basi, hakuna tramu, yale magari ya reli ya barabarani. Nilikwenda lab kwa miguu, nikakuta signal imelala, mstari umenyooka kutwa nzima.

Kesho yake tramu zikarudi kupita chini ya dirisha letu, sakafu ikitetema. Signal nayo ikarudi.

Nilishika kichwa. Nilijua nikisema, ile nafasi yake imekwenda, na labda PhD yangu na kibali changu cha kukaa vinakwenda nayo. Nikaenda kumgongea mlango hivyo hivyo. "Profesa, ni tramu."

Hakubisha. Aliitazama grafu, akavua miwani. "Nossa," akashangaa kwa Kireno. "Niitie wote."

Akasimama mbele ya lab nzima, akasema amekosea na paper anaiondoa. Akawaambia ni mimi niliyeona, na niheshimiwe kwa hilo.

Contract yake ilipokwisha hakuna aliyeiongeza. Mimi nilipewa supervisor mwingine, nikamaliza. Yeye akaenda kufundisha watoto wa Molenbeek, na hakukanyaga tena chuo kikuu.

Jana jirani yake, Maman Véro wa Bukavu, alinipigia analia. "Ule maman wa Brésil, ni yeye alisaidia mutoto yangu. Mutoto alikuwa anaogopa physique sana, bon, akamufundisha hapa ku meza yangu, polepole. Leo mutoto iko ku université. Donc, hawezi kwenda ku cimetière peke yake. Tutaenda shiye bote."

Nikamwahidi kwamba makaburini tutakwenda pamoja, sisi sote.

Na tangu jana nasoma posts zenu. "Hakuwahi kuficha ukweli." "Malaika wa sayansi." Nazisoma kwa shida, kwa sababu kuna jambo aliniambia mara ya mwisho nilipokwenda kumwona, na alitaka liandikwe.

Nilikuwa nimekaa pembeni ya kitanda. Amebaki mifupa na yale macho. Nikamwambia ninachowaza miaka yote: kwamba nisingegonga mlango ule, angekuwa chuo kikuu mpaka leo.

Akatikisa kichwa. "Mgomo wako ulikuwa wa pili," akasema. "Wa kwanza ulikuwa majira ya baridi, wewe uko likizo Tanga. Niliuona mstari ule ule. Paper ilikuwa bado iko mezani kwangu. Nikaituma."

Nikadhani ni dawa zinazungumza. Hazikuwa dawa.

"Miezi yote ile sikulala," akasema. "Kila asubuhi naomba usije ukaona. Ulipogonga nilikuchukia. Usiku ule nikapata usingizi."

Nilimuuliza kwa nini ananiambia leo. Alinikunjia uso kama zamani, kama nimeleta data mbovu. "Kwa sababu nikifa wataniandika malaika, na wewe utawaacha. Wanafunzi wangu wa Molenbeek watasoma. Siku mmoja wao akificha kitu kwa woga, nataka ajue kwamba mimi pia niliogopa, na bado mtu anaweza kurudi akasema."

Basi nimeandika. Mtakaokasirika, kasirikeni. Mimi mwenyewe namkasirikia. Nampenda kuliko nilivyompenda mwezi uliopita, na nimemkasirikia, na sina pa kuvipeleka vyote viwili kwa sababu mwenyewe hayupo.

Profesa, nimekutii, ingawa mkono ulikuwa mzito. Nimewaambia.

Hakuna kilichobaki cha kuficha sasa. Lala, mwalimu wangu. Lala salama, ufidie usingizi wote wa majira yale ya baridi.