Kiatu cha Mfalme, Saa Sita Mchana

Nilipokuwa bado mtoto wa kuchunga ndama, bustani ya serikali hapa Bunia ilikuwa na sanamu ya Mfalme wa Wabelgiji. Alikuwa wa shaba, amesimama juu ya jiwe, kiatu chake cha kulia kimetangulia mbele kidogo. Shuleni mapadri walitufundisha majina yake yote kwa mpangilio, na hadi leo naweza kuyataja. Mitaani watu walimwita Muzee wa Shaba tu. Ilisemwa kwamba mtu akiapa uongo huku ameweka mkono juu ya kile kiatu, Muzee atamchoma.

Kwa hiyo watu walikuja kuapa pale, na walinzi waligeuka upande mwingine. Desturi ilikuwa hii: anayeshtaki na anayeshtakiwa huapa wote wawili, na mkubwa kwa umri hutangulia.

Mwaka mmoja ndama wa tate, yaani nyanya yangu mzaa baba, walikufa mmoja baada ya mwingine. Tate akasema ni jicho baya la Anastasia Lotsove, mke wa baba yangu mdogo. Wengine walimfupisha jina wakamwita Anasi; mimi simfupishi. Alikuwa ametoka Aveba, na alikuwa akimnyonyesha Ngabu, mtoto wake wa kwanza. Kama ingeonekana kwamba ni mchawi, angerudi kwao mikono mitupu, maana mtoto ni wa ukoo wa baba.

Nyumbani walikubaliana Jumapili. Tate aliapa kwanza, asubuhi na mapema kabla ya misa, nami nilimsindikiza. Kiatu kilikuwa kimelowa umande. Aliweka kiganja, akataja jina lake, la marehemu mume wake, na majina ya ndama wote waliokufa. Kisha akaupangusa mkono kwenye kitenge chake.

Zamu ya Lotsove ilikuja baada ya misa kubwa, saa sita mchana. Hapakuwa na wingu.

“Kiganja yote,” tate akamwambia. “Hapana vidole tu.”

Lotsove akampa jirani mtoto, akaweka mkono. Niliona bega lake likiruka. Akaanza kutaja jina lake.

“Sema polepole, Anasi,” mwanamume mmoja akasema kutoka nyuma. “Mufalme hasikie Kiswahili muzuri.”

Watu wakacheka. Walikuwemo wanawake wanaoepua sufuria motoni kila siku, na alikuwemo mhunzi. Wote walicheka.

Hakuondoa mkono. Nafikiri aliamini kwamba akivumilia hadi mwisho watamtendea haki. Alitaja majina yote, hata ya ndama, polepole kama alivyoambiwa. Alipouinua mkono, kiganja kilikuwa kimetoka malengelenge, na ngozi kidogo ilikuwa imebaki juu ya shaba.

“Mumeona,” tate akasema.

Baba mdogo alimchukua Ngabu kwa yule jirani. Lotsove akanyoosha mikono kumpokea mwanawe, kwa mazoea, hata ule ulioungua. Hakupewa. Alipandishwa lori siku ileile, nguo yake imelowa maziwa kifuani.

Jioni nilimkuta tate akichambua maharagwe.

“Tate, asubuhi kile kiatu ilikuwa baridi.”

“Ilikuwa baridi.”

“Saa sita ingekuchoma hata weye.”

Hakuinua macho. “Mutoto, nimepika miaka hii yote. Unazania sijue chuma na jua? Nenda ufunge ndama yenye ilibakia.”

Nimewasikia wasomi wengi wakisema kwamba wazee wetu walidanganywa na ujinga. Mimi nilimwona tate. Yeye hakudanganywa na kitu.

Baada ya uhuru sanamu iliangushwa. Ilikatika kwenye vifundo vya miguu, viatu vikabaki juu ya jiwe, na leo vijana hupiga picha pale. Lotsove alifia Aveba bila kumwona tena mwanawe. Ngabu sasa ni mzee, jirani yangu, na bado huniita yaya, yaani ndugu yake mkubwa. Mwezi uliopita tulipita bustanini tukielekea misa ya asubuhi, naye akasimama, akaweka kiganja juu ya kiatu. Alikaa hivyo kitambo.

“Baridi,” akasema, akanionyesha mkono wake. “Unaona, yaya? Damu ya yule mwanamuke haikuingia ndani yangu.”

Nilimwomba tungoje hadi saa sita, nikamweleza kwa nini. Alinisikiliza hadi mwisho bila kunikatiza. Kisha akasema kwamba tate hakuwa mtu wa namna ile, akavaa kofia yake, akaenda kanisani peke yake.

Nilibaki karibu na lile jiwe, nikiutazama umande ukikauka. Tate ndiye aliyemlea, tena kwa upendo. Hilo nalo ni kweli.