Koti la Manjano Kando ya Barabara ya Ngong

Wueh! Jumamosi niliona kioja pale Soko la Toi. Wikendi magari yanayoelekea Ngong hupita hapo kama yanayokimbizwa, na kuvuka barabara ni kazi ya maombi. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni aliinua mkono avuke. Akajibiwa kwa honi.

Mwanamke muuza makoti aliyekuwa karibu akasonya. Akachukua sanamu lake la kuonyeshea nguo, akalivika koti la manjano linalong'aa na kofia ya buluu, akalisimamisha ukingoni mwa lami.

Breki zililia! Gari moja kubwa jeusi likaanza kutambaa, dereva akivuta mkanda mbiombio huku akiliamkua sanamu: "Habari ya kazi, afande?"

Soko zima likaangua kicheko. Mama akavuka, tena polepole, makusudi kabisa.

Mara mteja akafika. "Mathe, hiyo koti ya yellow ni ngapi?"

"Hiyo siuzi."

"Sasa mbona umeiweka hapo nje?"

"Kastoma, chagua ingine. Hiyo iko kazini."

Jumapili nilipita hapo nikiendesha gari langu. Nilijua fika kwamba lile ni plastiki, lakini mguu wangu ulikanyaga breki wenyewe. Nilicheka mpaka nikakumbuka jambo moja: mikono mingapi ya akina mama imewahi kuinuliwa mbele yangu pale, nami nikapiga honi?