Binti Yangu Hakuwa Akisoma

Nimekosa. Barua hii nimeianza mara tisa na kuifuta, kwa sababu kila mara nilijikuta najitetea kabla sijakiri. Safari hii nakiri kwanza: niliwadanganya kina mama wenzangu, na aliyeniamini kuliko wote ndiye niliyemuumiza.

Kwetu ni Tanga, lakini naishi Turffontein, Johannesburg. Shule niliacha kidato cha pili. Kiingereza nimejifundisha mwenyewe, kwa simu na kamusi isiyo na jalada. Kiburi changu kilianzia hapo. Kama mimi niliweza bila mwalimu, mwanangu atashindwaje na mimi nipo?

Binti yangu nitamwita Rahma, si jina lake. Alipofika umri wa kuanza shule, mwaka 2016, nikaamua kumsomesha nyumbani. Watu wakiniuliza, jibu nilikuwa nalo: madarasa yamejaa, mtoto atapoteza Kiswahili, nyumbani mwalimu ni wake peke yake. Yote yana ukweli. Lakini kilichonifanya nifunge mlango ni woga. Wageni wenzetu walikuwa wameporwa maduka kwenye ghasia za kuwafukuza wageni, na mimi sikuweza kumwacha mtoto getini nikarudi nyumbani nikatulia. Hilo sikumwambia mtu. Mume wangu, ambaye ni mlinzi, alisema tu, "Jaribu mwaka mmoja, tuone."

Tulikuwa na kundi la WhatsApp la kina mama wazungumzao Kiswahili, Watanzania, Wakongo na Warundi. Kila Ijumaa nikawa naweka video: Rahma kakaa mezani, nywele zimesukwa upya, anasoma kitabu cha Kiingereza chenye picha ya kobe. Chini yake naweka picha ya ratiba yetu, niliyoichora kwa rula. Pongezi zikamiminika! Mchana kutwa nilikuwa peke yangu na mtoto ndani ya vyumba viwili. Zile sauti za kwenye simu ndizo zilikuwa majirani zangu.

Sasa nisikilizeni. Mimi nilikuwa sivumilii kosa. Rahma akikosea neno, namkatiza, nalisoma mwenyewe, anarudia. Akikosea tena, ukurasa unaanza upya. Maskini, akatafuta njia ya kuniridhisha. Akawa anaukariri ukurasa mzima kwa masikio.

Siku moja kidole changu kilifunika neno. Rahma akalitamka vilevile, akapita.

Niliona, jamani! Nikaondoa kidole, nikabonyeza kurekodi.

Rafiki yangu wa kweli mjini hapa alikuwa mmoja, nimwite Mama Grâce, Mkongo wa Bukavu, msusi kule Rosettenville. Kila Jumapili wakitoka kanisani walikuja kwetu, yeye na binti yake Grâce. Watoto wanacheza na vikombe vya plastiki, sisi tunakunywa chai.

"Dada," aliniambia Jumapili moja, "Grâce anasoma kama gari ya kukosa mafuta ya essence. Anasukumwa tu!" Akacheka, halafu akaacha kucheka. "Wako anakimbia. Weye unafanya namna gani?"

Pale ndipo nilipopaswa kusema. Nikasema, "Mtoe shuleni, shoga. Nitakupa ratiba yangu."

Akamtoa, katikati ya mwaka. Ratiba yangu akaibandika kwenye kioo cha saluni, na Grâce akawa anasomea kwenye kiti cha wateja, katikati ya nywele na kelele za dryer. Baada ya miezi mitatu mtoto akawa analia akiona daftari.

Ndipo Mama Grâce akaja naye kwangu ili atiwe moyo. Tulikuwa jikoni. Akachukua kilichokuwa karibu, mfuko wa unga wa sembe, akamwonyesha Rahma maelezo ya kupika, ya Kiingereza.

"Rahma, mama, usomee mwenzako kidogo. Aone ni kitu mwepesi."

Rahma akaushika mfuko kwa mikono miwili. Akaniangalia. Kisha akaweka lile tabasamu la video na kuanza, kwa Kiingereza safi: kobe mmoja alikuwa akitafuta nyumba. Alisoma ukurasa mzima wa kobe juu ya mfuko wa unga, akivuta pumzi pale nilipomfundisha kuvuta pumzi.

Hakuna aliyecheka. Grâce akausogeza mfuko kwake taratibu, akaweka kidole na kusoma kwa kukwama: "Chemsha... maji... vikombe... vitatu." Akamtazama Rahma. "Hakuna kobe hapa."

Mama Grâce akanigeukia. "Ulikuwa unajua?"

Nikauchukua mfuko, nikaurudisha rafuni.

"Mi nilitoa mutoto wangu ku masomo juu ya maneno yako, mama Rahma."

Hakuniita dada. Alichukua mkoba wake na mwanawe, wakaondoka. Nafasi ya Grâce shuleni ilikuwa imeshachukuliwa, akakaa bure mpaka Januari. Mama yake alijitoa kwenye kundi bila neno. Nikimpigia, simu inaita mpaka inakata.

Jumapili zilizofuata Rahma aliendelea kutoa vikombe viwili vya plastiki. Mpaka siku moja akatoa kimoja. Eish! Nimewahi kulia, lakini si kama siku ile.

Sasa Rahma yuko shule, kati ya watoto wadogo kuliko yeye. Anasoma kwa kukwama, kwa kidole, nami nauma ulimi nisimkatize. Juzi aliniuliza, "Mama, mbona hunirekodi siku hizi?"

Kwenye kundi sijawahi kusema ukweli. Video zangu bado zinasambazwa. Wiki iliyopita mama mmoja wa Soweto, mwenye spaza, kiduka cha nyumbani, aliniandikia anataka ratiba. Anataka kumtoa mwanawe shuleni. Ujumbe wake ninautazama kila saa. Leo nitamtumia barua hii badala ya ratiba.

Sisemi kusomesha nyumbani ni kosa. Wapo wanaoweza, na watoto wao wanafunguka. Lakini mwenzangu, usijenge shule kwa woga kisha ukawaambia watu ni hekima. Na usimtoe mwanao kwa sababu ya video ya mwenzio, hata iwe tamu vipi. Nenda nyumbani kwake, piga hodi, ingia mpaka jikoni. Mpe yule mtoto mfuko wa unga.