Mbangara Isiyolala

Baba alinipigia simu, na bila hata salamu akasema, "Jumamosi wakwe wanakuja. Utanitengenezea mbangara, ama sitoki chumbani."

Mimi ni mwenyekiti wa akina mama kanisani kwetu Voi. Nilisimama mbele ya watu, mkono juu ya Biblia, nikaapa kwamba pombe sitaionja wala sitaipika. Na mbangara, hata uipambe vipi, ni pombe: pombe yetu sisi Wadawida, ya maji ya miwa yaliyotiwa chachu yakalala siku mbili. Marehemu mama alinifundisha mimi peke yangu kuitengeneza. Baba hakuwa na mwingine wa kumwomba, na alijua.

Ningekataa tu, yaishe. Lakini nilishawahi kumkatalia. Kwenye matanga ya mama, miaka mitatu iliyopita, alitaka mbangara ya kuwapa wazee wenzake, nami nilikuwa nimeokoka juzijuzi tu, nawaka kama jiko. Nilimwambia mbele ya watu kwamba sitachafua mikono yangu. Tangu siku hiyo hakuniita tena mwanangu. Aliniita "mwalimu", kwa kazi yangu, kama watu wa sokoni wanavyoniita.

Sasa anayeolewa ni binti yangu, na msichana alitaka kitu kimoja tu: babu yake amfanyie kutasa. Ni baraka yetu ya tangu zamani. Mzee anapiga funda la kinywaji, analipuliza nje, huku akitamka kwamba hasira zote alizoweka moyoni zimtoke. Bila hiyo, alisema binti yangu, hata keki hataki.

Basi, nimheshimu mzazi au nitunze kiapo? Na yote mawili kayaagiza Mungu yuleyule! Nilikasirika, nasema ukweli. Jumatatu nikaanza kuomba. Nikafungua Biblia nimefumba macho, kidole kikatua kwenye orodha ndefu ya watu na watoto wao. Nikarudia, nikapata vipimo vya mapazia. Jumanne nikamwendea mchungaji. Akakuna kidevu, akasema tuombe, tukaomba, na tulipofumbua macho akauliza chakula kitakuwa saa ngapi. Jumatano nikamwambia Mungu: mvua ikinyesha Voi kabla ya kesho jioni, nitapika. Alhamisi mawingu yakashuka kutoka milimani, meusi ajabu, yakadondosha matone manane kwenye bati langu, yakaenda zao. Jameni! Matone manane ni mvua au si mvua?

Ijumaa nikapanda milimani Chawia, nyumbani kwa baba, bado nauliza. Niliingia jikoni kwa mama, nikakiona kibuyu chake kimening'inia palepale alipokiacha, ndipo akili ikanijia. Mbangara hulala siku mbili, na wageni ni kesho. Nilikuwa nimeomba mpaka muda wa kupika ukaisha! Nikacheka peke yangu, halafu nikalia kidogo, maana sikuwa nimemtii baba, wala sikuwa nimekataa kama mtu mwenye msimamo.

Jumamosi asubuhi nikatwanga miwa, nikakamua, nikajaza kibuyu. Wakwe wakafika. Akina mama wa kanisa nao wakajipanga viti vya mbele, vitambaa vyeupe kichwani. Baba akachungulia, akaona kibuyu mikononi mwangu, akatoka chumbani na koti lake la harusi. Akaketi. Nikapiga magoti, nikampa. Akaonja, akanitazama.

"Imelala siku ngapi?"

"Haijalala, baba. Ni maji ya miwa tu. Nimemwomba Mungu wiki nzima aniambie nifanye nini."

"Akasemaje?"

"Hakusema kitu."

Mmoja wa akina mama alikohoa. Baba alikigeuzageuza kibuyu, na mimi nikajua kabisa kwamba atainuka arudi chumbani, na harusi ya mtoto wangu imeharibika kwa ajili yangu.

"Wiki nzima?" akauliza. "Kwa sababu yangu?"

"Ndiyo, baba."

"Kwenye matanga ulinikatalia hata sijamaliza kusema."

Ilikuwa kweli.

Akamwita binti yangu, akapiga funda, akalipuliza, akatamka maneno yote, polepole, hakuruka hata moja. Wakwe wakaitikia. Nikashusha pumzi, nikaanza kuinuka niende nikaangalie sufuria.

"Wewe unaenda wapi?" akasema. "Njoo hapa, mwanangu."

Akapiga funda jingine, kubwa zaidi. Maji ya miwa yakanirukia usoni, yakachuruzika kwenye kitambaa changu cheupe cha uenyekiti, huku baba akitamka kwamba hasira ya miaka mitatu imtoke, iende zake, isirudi. Nikaitikia amina kwa sauti iliyofika kwa jirani, kabla sijakumbuka kuuliza kama mwenyekiti anaruhusiwa.